Funda la Theluji ya Kilimanjaro

Mimi ndiye Bwana Afya niliyekunywa theluji ya Kilimanjaro mbele ya kijiji chetu kizima cha ujamaa, hapa Mwamgongo kando ya ziwa. Nasimulia mwenyewe, kabla hamjaletewa habari iliyotiwa chumvi.

Rafiki yangu alitoka Moshi na theluji iliyoyeyuka ndani ya chupa ya chai. Mkutanoni nikatangaza, "Ndugu zangu, maji ya ziwa chemsheni. Haya ya theluji hayana haja, baridi imeua vijidudu wote!" Nikapiga funda refu. Kisha nikaweka tone kwenye hadubini, nikamwita Mama Riziki, mchuuzi wa dagaa, ashuhudie usafi.

Akachungulia, akacheka mpaka kanga ikamdondoka.

"Bwana Afya, wamejaa tele! Hawa uliowanywa ni kama watu wa Kalinzi kule milimani, baridi wameizoea."