Niliuza kicheko cha Mama Neema kama kilio

Admin, ficha jina langu. Mutaa sema tu ni Ndosho, huku wazee wenye meno mabovu tuko wengi.

Nina miaka sabini na moja. Mimi ndiye mpiga picha wa Goma anayejulikana kuliko wote huko Ulaya. Foto zangu zimetundikwa katika maofisi makubwa na wazungu wananiandikia barua za kunisifu. Haya, nimesema bongo, uongo mtupu. Ulaya hata mbwa hanijui. Barua niliyopata ni moja, iliandikwa na mashine, ikisema foto yangu ya ndizi imekataliwa kwa sababu ina giza.

Ukweli ni huu. Volkano ya zamani ilikula studio yangu ya mjini, ikaniachia kamera iliyokuwa shingoni. Nikaishi kwa kupiga foto za ndoa, ubatizo na maiti. Baadaye mwenzangu mmoja wa kazi akanionyesha maduka ya foto kwenye internet. Unatuma foto, wanaiweka, na mutu yeyote duniani akiitaka analipa senti chache, anaitumia anavyopenda. Huwezi kujua ni nani wala kwa kazi gani. Maduka yale yanadai vitu viwili. Kama kuna sura ya mutu, huyo mutu atie sahihi karatasi ya ruhusa. Na chini ya foto uandike maneno, ili mnunuzi akitafuta neno hilo foto yako imtokee. Shule niliiachia primeri ya tano, lakini maneno yanayouza nayajua.

Waasi walipofukuza watu wa milima ya Masisi, nilienda kambini Mugunga na kamera yangu. Nikamuona Mama Neema (si jina lake) amekaa mbele ya shitingi lake, lile hema la turubai. Nikarudi nyuma kidogo nipate mwanga mzuri, nikakaa puu ndani ya beseni la mama aliyekuwa anafua. Mama Neema alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akafunika mdomo kwa kitenge, mabega yanatikisika, macho mekundu. Nami humo humo majini, matako yamelowa, nikabonyeza. Ni foto nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Ukiitazama bila kunijua mimi na lile beseni, utaapa kwamba yule mama analia.

Nikatoa karatasi ya ruhusa na wino wa kidole. Akaniuliza, "Papa, ni listi ya nini? Ya unga ao ya shitingi?"

Mnaijua kambi. Huko karatasi yenye wino ni listi tu, hakuna nyingine. Ningeweza kumwambia kwamba hii ni ya kuuza foto. Nikasema, "Mama, weka kidole kwanza, mengine tutayaona."

Akaweka. Kugeuka, nakuta watu kumi wamepanga mustari nyuma yake, kila mmoja dole gumba liko tayari. Nikawapokea wote, niliogopa kupigwa.

Kisha vita vikamsogeza hadi Ndosho, yeye na bwana yake na watoto, wakapanga nyumba mlango wa tatu kutoka kwangu. Kila tukikutana ananiambia, "Papa, na ile listi yetu?" Nami namjibu, "Inakuja na ndege, mama, ndege za Goma unazijua." Tunacheka. Nilifikiri huo ndio mwisho wa dhambi yangu.

Bwana yake ni fundi wa rangi. Juzi aliitwa kazi mutaa wa Himbi, kwenye ofisi moja ya misaada, kupaka ukuta. Akafika na ndoo zake, akakuta getini sura ya bibi yake imechapwa kubwa kama mlango wa kanisa. Chini yake, kwa Kifaransa, imeandikwa kwamba mwanamke huyu alichukuliwa kwa nguvu na waasi.

Hakupaka ukuta. Alikuja moja kwa moja kwangu.

"Muzee, wewe ni mutu wa foto. Foto inaweza kusema bongo?"

Hapo ndipo Mungu alinifungulia mlango mpana, nami nikapita dirishani. Nilimjibu, "Foto haina kinywa, mwanangu."

Akaitikia kwa kichwa kama mutu aliyepata jibu. Tangu siku hiyo hali chakula cha bibi yake. Analala sebuleni. Mama Neema anaapa kwamba hakuna kilichompata njiani, naye anamwambia, "Ulinificha." Na hata ingekuwa kweli, ingekuwa kosa la nani? Lakini si kweli. Jumapili hii anataka kumrudisha kwa wazazi wake, na watoto wabaki.

Msiwalaumu wale wa ofisi peke yao. Walitafuta neno, neno likawaletea ile foto. Chini yake kulikuwa na maneno matatu ya Kifaransa: vita, uchungu, na lile la tatu, la kubakwa. Niliyaandika mimi, kwa kidole hiki, nikinywa chai. Niliona foto zenye neno hilo zinanunuliwa.

Foto niliyopiga baada ya ile bado ninayo. Ndani yake kitenge kimeanguka, mdomo wazi, anacheka mpaka koo linaonekana. Nikimpelekea bwana yake itamtosha. Lakini ataniuliza nani aliandika yale maneno, na Mama Neema ataniuliza kidole chake kilienda wapi. Kuna mahali pa kuanzia? Mwenye akili anisaidie kabla ya Jumapili.

Na wewe Admin, usijifanye hunijui. Ile foto ya marehemu mama yako iliyoliwa na mende, niliitengeneza siku tatu, ukasema, "Muzee, siku moja utaniomba kitu." Naomba sasa. Jumamosi njoo tuende wote kwa yule fundi. Usiseme neno, nitasema mwenyewe. Wewe shika tu mlango, asiufunge kabla sijamaliza.