Aliyebadili Neno kwenye Mchoro wa Nsimire

Mwanangu, mwenye kosa ni mwenyekiti wa kamati yetu ya maonyesho ya Waswahili huku ugenini, Newtown. Ni Mtanzania mwenzangu, na nalitamka hilo kabla ya jingine lolote kwa sababu lawama imebebeshwa binti asiyestahili.

Nikirudi nyuma hadi ujana wangu, namwona Bi Salma, mkuu wetu katika chumba cha kompyuta cha serikali, Dar es Salaam. Siku moja mtaalamu mmoja aliigusa programu ya mwenzetu kimyakimya. Ilipoharibika, akamwachia mwenzetu aibu. Bi Salma alimwita mtaalamu huyo mbele yetu sote.

"Mkono uliogusa mstari huu una jina," alimwambia. "Liandike."

Tangu hapo, aliyebadili hata neno moja alitia jina lake pembeni ya mstari.

Sasa Nsimire, binti wa fundi cherehani kutoka Bukavu, alichora ukutani namna lugha za kompyuta zilivyopokezana mawazo miaka nenda rudi: Algol juu, C chini yake, Java na wenzake chini zaidi, mishale ya rangi kati yao. Kwenye kila mshale aliandika "ilichota kwa". Neno hilo lilitosha kabisa: lugha changa ilipata wazo, na kongwe haikupungukiwa. Kampuni moja ya Sandton ilikuwa inamtuma mtu autazame mchoro kabla ya kumpa nafasi ya kujifunza kazi.

Asubuhi ya ufunguzi mwenyekiti alisema "kuchota" ni neno la kisimani, akabandika juu yake "mwathirika wa", akidai ndiyo namna ya kitaalamu ya kusema lugha moja imeathiriwa na nyingine. Nilipinga. Akanijibu, "Mzee, wewe umeshastaafu."

Kwetu neno hilo humtaja nani, kama si mwenye virusi vya UKIMWI? Msusi mmoja alisoma kwa sauti: "Java, mwathirika wa C. Eish! Masikini, ameshaanza dozi?"

"Na huyu C kaambukiza ukoo mzima!" akadakia shoga yake.

Ukumbi mzima ukacheka. Mgeni wa Sandton, Mkenya, akauliza nani aliyeandika hivyo.

"Ndicho Kiswahili chao cha Kongo," mwenyekiti akajibu, Nsimire akisikia.

Nafasi alipewa mwingine. Binti alinifuata mlangoni: "Papa, haiko mimi niliandika vile." Nilijua. Wote kamatini walijua, wakanyamaza!

Mwanangu, ukitaka kurekebisha kazi ya mtu, mwulize kwanza, kisha tia jina lako. Ukikosea, jitokeze kabla hujaitwa. Kiswahili cha mwenzako usikifanye jaa la makosa yako. Mungu akupe ulimi mnyofu, na akuepushe na cheo kisichojua kuomba radhi.

Nawe Mwenyekiti, nakutaka rasmi ukiri kwa maandishi kwamba neno lile ni lako. Uipelekee kampuni ile ukiri huo wewe mwenyewe. Umwombe radhi Nsimire mbele ya baba yake. Na uieleze jumuiya, katika mkutano wa wazi, kwa nini uendelee kukikalia kiti hicho.