Mzee Kibwana alikaa kwenye jiwe, sisi tukabeba: kisa cha tanuri la chokaa Bagamoyo

Wakuu, kwa umri wangu wengi wenu mngenianzia kwa shikamoo, kwa hiyo marahaba kabisa.

Nimepita kwenye uzi wa jamaa anayelalamika kuwa fundi alikaa mbele ya kompyuta yake kidogo tu, hakufungua hata nati, akataka hela kamili. Wachangiaji wote wanamwita fundi tapeli.

Nikakumbuka jambo la Bagamoyo, miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Nilichokiona nitasema nilikiona. Ninachoshuku nitasema nashuku.

Nilikuwa kijana, nimeposa. Baba wa binti alisema neno moja: mwanangu haingii nyumba ya udongo mtupu. Nipige chokaa kwanza. Kununua siwezi, nikajiunga na wachoma chokaa njia ya Kaole.

Kwa wasiojua: unarundika magogo duara kubwa, juu yake unapanga matumbawe, yale mawe ya baharini, kisha unawasha. Yakiiva unayamwagia maji, yanakuwa unga. Kila mtu anachukua fungu lake.

Tulikuwa watano. Wanne tunabeba. Wa tano, Mzee Kibwana, habebi. Anakaa kwenye jiwe, anatafuna tambuu, anaonyesha kwa fimbo: gogo hili kule, lile huku. Fungu lake sawa na letu.

Siku ya kuwasha anasema, "Tanuri lina wenyewe. Nendeni nyuma ya mikoko, asichungulie mtu." Anabaki peke yake na chetezo cha ubani.

Shomari, mwenzetu mwenye kifua kama mlango, hakumwamini hata kidogo.

"Bwana harusi," ndivyo alivyoniita, "mzee anatufanya punda. Twende tukamwone huyo jini anayekula fungu letu."

Tukachungulia.

Chetezo kilikuwa chini, hakikutiwa hata kaa la moto. Mzee alilizunguka tanuri polepole. Akarusha mchanga hewani, akatazama unaangukia wapi. Akachomoa jiwe moja, akalirudisha. Kisha akakaa. Amekaa tu, anatazama.

Shomari akajitokeza. "Kumbe hakuna jini wala dua. Umekaa tu."

Mzee hakushtuka. "Nilikuwa nafikiri."

"Hata mimi nafikiri, na kikapu kichwani."

"Sasa mwanangu, ningewaambia nafikiri, mngenipa fungu?"

Jini tulikuwa tayari kumlipa. Mtu aliyekaa, hapana.

Tanuri lile liliiva vizuri, ila fungu langu lilitosha ukuta wa mbele tu. Nilihitaji la pili. Shomari akatangaza kuwa safari hii atakaye fungu abebe. Sote tukakubali.

Mzee Kibwana akaja na kikapu. Akabeba, mtu mzima vile, bila kunung'unika. Tulipofika kwenye kupanga, kazi ikasimama.

"Haya mzee, gogo hili wapi?" Shomari akauliza.

"Leo mimi mbebaji. Niambie wewe niliweke wapi."

Shomari akaonyesha palipokuwa karibu.

Magogo mabichi mengi yakaenda upande wa baharini, na baadhi aliyabeba mzee mwenyewe. Nilimwona akiyaweka taratibu, palepale alipoelekezwa.

Tukawasha. Upepo wa baharini ukausukuma moto upande mmoja, rundo likainama, likabomoka. Mawe ya upande wa baharini yalitoka meusi nje, mabichi ndani. Unayamwagia maji, yanakutazama tu.

Fungu langu halikujaza hata pakacha. Baba wa binti akapata habari, akatuma ujumbe kuwa kuna mwingine anaulizia.

Wakuu, mpaka leo nashuku mzee alijua. Ushahidi sina. Alifanya alichoambiwa, kama mbebaji yeyote.

Nikamvuta Shomari, tukaenda kwa mzee. Shomari akatoa shikamoo ndefu, si kawaida yake.

"Mzee, rudi kwenye jiwe lako. Fungu lako lipo."

"La kukaa?"

Shomari akatazama chini. "Njoo na chetezo, mzee. Watu wasije wakasema tunamlipa mtu aliyekaa. Sisi tutageuka."

Mzee akacheka mpaka tambuu ikamtoka.

Tanuri la tatu tulilipanga kwa fimbo yake. Tulipomaliza akasema, uso mkavu, "Tanuri lina wenyewe."

Wanne tukaenda nyuma ya mikoko, tukampa mgongo, kila mmoja akijua kinachofanyika kule, na hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake. Safari hii ubani aliuwasha kweli. Harufu ilitufikia.

Nyumba yangu ilipigwa chokaa kuta zote, na binti aliingia.

Nilichojifunza ni kwamba watu hawakatai kuilipia akili. Wanakataa kuiona imekaa.

Kwa hiyo jamaa wa kompyuta, mlipe mwenzio. Na fundi, kama unasoma hapa, siku nyingine fungua nati mbili tatu, uzirudishe.

Nanyi wakuu, kazini kwenu nani anakaa kwenye jiwe? Mna hakika hafanyi kitu? Karibuni.