Besi Aliyoitoa Semahoro

Semahoro alipenda sauti nzito. Wengine wanapenda gita la solo, lile linalolialia mbele mpaka akina mama wanapiga vigelegele. Yeye wala! Yeye alipenda sauti ya nyuma, ile unayoisikia kifuani kabla haijafika masikioni. Ukimuuliza amejifunzia wapi, alikuwa anacheka na kukuonyesha makovu ya vidoleni. Aliyapata utotoni huko milima ya Itombwe, Kivu ya Kusini, kwenye gita la kopo la mafuta lenye nyuzi za breki za baiskeli.

Besi ya kweli, lile gita la sauti nzito, aliipatia Uganda. Alikimbia vita na mkewe Kantengwa, wakapewa kiwanja Rubondo, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, wakalima maharage kama kila mtu. Siku moja huko Mbarara akakutana na mwanamuziki aliyechoka na muziki, akanunua besi yake ya nyuzi nne, rangi imebanduka, shingo imepinda kidogo. Ampli, mashine ya kukuza sauti, akaitengeneza mwenyewe. Sanduku la mbao alipigiwa na seremala, spika pana akaipata kwenye baa iliyofungwa, na karatasi ya spika iliyochanika akaiziba kwa solushoni ya kubandikia tairi za baiskeli. Na kwa kuwa umeme wa Rubondo ni wa kubahatisha, akaifanya itumie betri ya gari, akawa anaichaji kwa sola. Lilikuwa zito hilo sanduku, jamani! Walilibeba watu wawili, na wote wawili walinuna.

Mambo yake hayakuishia hapo. Ili ampli isivume, alichomeka waya ardhini na kuumwagia maji kabla ya kila ibada, mpaka ubavuni mwa kanisa pakawa tope na akina mama wakamlalamikia. Na nyuzi mpya za besi, Rubondo utazitoa wapi? Zile za zamani alizichemsha na sabuni ili sauti irudi.

"Baba Irakiza!" Kantengwa alipiga kelele, maana kifungua mimba wao ni Irakiza. "Ile sufuria ni ya bugali! Leo tutakula mboga ya vyuma?"

"Mama, zikitoka humo zitalia kama ni mupya."

"Na weye utalia kama ni mupya, ngoja tu."

Jumapili alipiga kanisani. Jumamosi alipiga kwenye harusi za Mbarara na bendi ya Laurent, Mkongomani mwenzake aliyehamia mjini. Kanisa lilijua habari za hizo harusi, likafumba macho. Maisha yalikuwa magumu, hilo hatubishani, lakini mtu akisema "yule wa besi", kila mtu Rubondo alijua ni nani.

Kisha jina lao likatoka. Familia ile ilikuwa imesubiri miaka mingi kupelekwa kuishi ng'ambo, na sasa wakapimwa afya, wakafundishwa namna ya kukaa ndani ya ndege, wakapewa tarehe. Nakivale ukishapewa tarehe, unaanza kugawa. Ndivyo watu wanavyofanya, huwezi kupanda ndege na kitanda. Kitanda chao kikaenda kwa jirani, mbuzi kwa shangazi yake Kantengwa, sufuria kwa wajane. Shamba akaachiwa mwingine alilime. Na Jumapili ya kuagwa, Semahoro akabeba besi yake mpaka madhabahuni, machozi ya furaha yanamtiririka, akashika maikrofoni.

Angesema tu "naitoa" akakaa, yangekwisha. Lakini siku hiyo furaha ilimzidi, mdomo ukawa haufungiki.

"Bandugu," alisema, "hii gita na hii ampli bilizunguka na mimi mingi ku maharusi ya pombe. Leo nabitoa kwa Bwana! Kuanzia leo habitapigia tena batu ba pombe, hata siku moja. Hata mimi mwenyewe nikirudi kubiomba, musinipe!"

Kanisa zima likajibu amina. Sasa nani alimtuma, mwanaume yule? Pasta Ezira akaipaka mafuta besi, akalipaka na sanduku, akavikabidhi kwa Nehemiya, mkulima wa maharage aliyefundishwa kupiga na Semahoro mwenyewe. Nehemiya alifurahi hata chakula kikamshinda siku hiyo. Akatafuta rangi nyeupe, akaandika mbele ya ampli kwa herufi kubwa: MALI YA BWANA. Kisha kanisa likamwombea Semahoro na nyumba yake yote, likawatoa katika ushirika na kuwakabidhi kwa kanisa la huko waendako. Watu wakalia, wakakumbatiana, wakaagana.

Mifuko ilikuwa tayari mlangoni simu ilipoingia. Safari zimesimamishwa. Subirini. Tusubiri mpaka lini? Aliyepiga hakujua, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuwapigia wengi asubuhi ile.

Basi vitu vikaanza kurudi. Jirani alileta kitanda bila kuombwa, akakiegemeza ukutani na kuondoka haraka kwa aibu, utadhani yeye ndiye aliyeizuia ndege. Mbuzi akarudi. Sufuria zikarudi, moja imetoboka. Shamba halikurudi, maana mwenzake alikwisha kupanda. Na besi haikurudi. Semahoro alivumilia wiki hadi wiki, akashindwa, akaenda kwa Pasta Ezira.

"Baba Irakiza," pasta alimwambia, na huruma aliyokuwa nayo ilikuwa ya kweli, "ungekuwa ulinipa mimi, ningekurudishia sasa hivi. Lakini hukunipa mimi."

"Basi nipige hata Jumapili moja moja, Pasta."

"Tukupange namna gani? Weye uko mu safari. Kesho banakuita, kwaya inabaki na shimo. Kaa tu, pumzika."

Apumzike! Mtu hana kazi, hana shamba, hana chombo, unamwambia apumzike. Akawa anakaa benchi la nyuma, lile la wageni, akimsikiliza Nehemiya akichelewa kidogo kila wimbo unapoingia korasi. Vidole vilimuuma kwa kukaa bure. Nyumbani alikuwa mkali kwa vitu vya kijinga, mara chumvi imezidi, mara mlango haukufungwa vizuri, na Kantengwa alimwacha tu aseme.

Ndipo Laurent akapiga simu. Jumamosi kuna harusi Kakiika, pembeni mwa Mbarara, harusi kubwa. "Njoo na mashine yako, kaka." Semahoro akajibu, "Niko tayari," akakata simu. Tayari na nini? Alitafuta besi ya kuazima Rubondo yote mpaka Juru, upande mwingine wa kambi. Hakuna.

Habari ikamfikia Nehemiya, kambini hakuna siri. Akaja kwa baiskeli, akakaa uani, akasema moja kwa moja.

"Kaka, chukua Jumamosi. Nitamwambia Pasta ampli imeharibika, iko kwa fundi."

"Hapana, Nehemiya. Utapata matatizo."

"Ni weye ulinifundisha. Kila Jumapili nakuona kule nyuma, roho inaniuma. Siku moja tu. Inaenda Jumamosi, inarudi asubuhi yake, nani atajua?"

Kantengwa alikuwa anachambua maharage karibu nao. "Baba Irakiza," alisema bila kuinua kichwa, "ulisema musinipe. Mimi nilikuwa pale."

Semahoro alijua jibu linalompasa. Alilijua vizuri kabisa. Akamgeukia Nehemiya, akasema asante.

Sanduku liliondoka Rubondo juu ya lori la matoke, mwenyewe amelikalia lisirukeruke. Pale Kakiika, fundi wa sauti, kijana wa Mbarara mwenye miwani ya jua, alilitazama akacheka.

"Mzee, sanduku hii ya nini? Leta waya hapa kwa miksa, mimi natoa sauti yako kwa spika yangu. Hii yako ni ya kanisa, nasoma hapa."

Semahoro alimpa waya, lakini ampli yake akaiwasha vilevile, nyuma ya ngoma. Akapiga nyimbo na nyimbo bila kujisikia kwenye zile spika kubwa. Kijana alikuwa amemshusha sauti hadi chini kabisa, na sauti nzito akaiachia kinanda. Semahoro akamwashiria ampandishe. Kijana akamwonyesha dole gumba, hakugusa kitu. Utafanya nini? Huwezi kuacha harusi ya watu ukaenda kugombana. Alipiga tu, akijiuliza kama ni kwa hili amemponza Nehemiya hata akasema uongo.

Halafu umeme ukakatika. Spika kubwa zikanyamaza, kinanda kikanyamaza, bwana na bibi harusi wakabaki wamesimama katikati ya uwanja. Jenereta ikavutwa, ikakohoa, ikagoma. Na hapo watu wakasikia kitu kilichokuwepo muda wote huo, ngoma na besi. Betri ya Rubondo haikuwa na habari na umeme wa Mbarara! Semahoro akamtazama mpiga ngoma, wakaelewana kwa macho, wakakaza. Bibi harusi akatupa viatu. Wazee wa Kinyankole wakainua mikono juu kama pembe za ng'ombe wakaingia kucheza, akina mama wakaimba wenyewe bila maikrofoni, simu zikainuliwa kila upande kupiga video. Fundi wa sauti alivua miwani. Semahoro aliisikia besi ikimpiga mgongoni, machozi yanamtoka na hana habari. Tangu simu ile ya safari hakuwa amefurahi, na sasa alifurahi mpaka akasahau yuko wapi.

Mgeni mmoja, kwa kumpenda tu, akamletea bia. Semahoro akatikisa kichwa, yeye hanywi. Mgeni akaiweka juu ya ampli, akarudi kucheza.

Video ilifika Rubondo kabla ya lori. Iliingia kwenye simu ya mama mmoja wa kwaya, ikaruka kwenye kundi la kanisa, ikamkuta Pasta Ezira akiandaa mahubiri. Kila kitu kilionekana wazi: besi iliyopakwa mafuta, watu wanakata viuno, na chupa ya bia imesimama juu ya maneno MALI YA BWANA.

Baada ya ibada kamati ilikaa mbele, na watu hawakwenda nyumbani. Nehemiya hakujitetea. Kuitoa mali ya madhabahu iende kwenye pombe, hilo moja. Kumwambia pasta iko kwa fundi, hilo la pili, na ndilo lililomuumiza Pasta zaidi. Nehemiya akasimamishwa, au kama wenyewe wanavyosema, akafungwa. Asiguse chombo, asisimame na kwaya, mpaka kamati itakapoona vingine. Na kwa kuwa hakuna mwingine anayejua kupiga, besi na ampli vifungiwe chumbani kwa pasta.

Semahoro akasimama kutoka benchi la wageni.

"Pasta, bazee, ni mimi. Ile neno nililitoa mimi, na ni mimi nilivunja. Yeye alinihurumia tu. Musimufunge Nehemiya. Munifunge mimi, muache yeye apige!"

Watu wakamgeukia pasta. Pasta Ezira alijifuta uso kwa kitambaa, akakikunja, akakikunjua tena.

"Baba Irakiza, tukufunge namna gani? Weye hauko mushirika wetu tena. Tulikutoa, tukakuombea, tukakukabidhi kwa kanisa ya kule. Hatuna nguvu juu yako. Ni ba kule ndio bangekuazibu."

"Kule sijafika!"

"Najua."

"Basi munirudishe! Munirudishe mu kanisa, kisha munifunge!"

"Na kama banakuita kesho?"

Pasta hakuuliza kwa jeuri. Aliuliza kwa sababu hata yeye hakujua, na aliyasubiri majibu kweli. Kantengwa akamvuta Semahoro shati kutoka chini, naye akakaa.

Jumapili iliyofuata Nehemiya aliingia, akatazama upande wa kwaya kwa mazoea, kisha akaja kukaa benchi la nyuma. Semahoro akasogea ili apate nafasi. Alikuwa ameandaa maneno mengi ya kuomba msamaha, lakini Nehemiya alimsalimia kama siku zote, akamuuliza hali ya mbuzi. Afadhali angetukanwa.

Kwaya ikaanza. Ilipofika korasi, kisigino cha Semahoro kikaanza kugonga sakafu ya udongo chenyewe, kwa uzito, mahali pale pale besi ilipotakiwa kuingia. Mama aliyekaa mbele yao akageuka. Na mwingine akageuka. Nehemiya akamwekea mkono juu ya goti, polepole, akaukandamiza.

"Acha, kaka," alinong'ona. "Banatuangalia."

Semahoro akautuliza mguu.