Siku Mtani Aliponifunga Kamba

Wiki iliyopita nilimwita fundi anibadilishie mpira wa jiko la gesi. Alipoukunjua ule mpya kutoka kwenye mfuko wake, harufu ikajaa jikoni: harufu nzito ya mpira uliofungiwa muda mrefu, yenye utamu kidogo kama ya kandambili mpya. Fundi aliniuliza jambo, sijui jambo gani. Nilikuwa na miaka kumi tena, nimesimama mbele ya kioo cha kabati la mama kule Gongoni, Tabora, nimevaa miwani ya kuzamia, nimezuia pumzi, nahesabu.

Mnivumilie, kwa sababu kisa hiki kinaanza na uongo, na uongo wenyewe ulikuwa wangu.

Mama yangu ni fundi cherehani. Wakati huo alishonea kibarazani kwetu, sare za shule zaidi, na hekima zake zote zilitoka kwenye kitambaa. "Kosa la kushona hufumuliwa," alikuwa akisema. Mimi sikumwamini hata siku moja, kwa kuwa nilikuwa nikiziona nguo zilizofumuliwa, nikaona vitundu vidogo vinavyobaki pale sindano ilipopita. Nilikuwa mtoto wa kuona vitundu. Nikikosea herufi moja nilichana ukurasa mzima na kuanza upya, na madaftari yangu yalikonda kabla muhula haujafika nusu.

Nikiwa darasa la nne, mama aliniahidi kwamba nikishika nafasi ya kwanza, likizo tungekwenda Kigoma kwa shangazi Zuhura, dada yake baba. Huko tungekodi boti yetu wenyewe, bila kuchanganyika na watu, twende kutazama samaki chini ya maji. Shangazi ndiye aliyemtia hamu. Alisema kwenye simu kwamba kuna vighuba vyenye mawe ambako ukivaa miwani na kuweka uso majini, unaona samaki wa njano na wa buluu kama kanga zilizoanikwa. Sisi wa Tabora maji yetu ni ya kisima na ya bomba, na bomba lenyewe lina siku zake. Niliwaota samaki hao muhula mzima.

Nikashika nafasi ya tatu.

Mama aliisoma ripoti, akaikunja, akaiweka chini ya cherehani. "Haya, tuanze kufunga mizigo," akasema.

"Mama, mimi ni wa tatu."

"Nimesoma. Sijawa kipofu."

Mngedhani nilifurahi. Nilikwenda uani nikalia. Niliona safari ile ilikuwa ya mtoto aliyeshika namba moja, na mimi nilikuwa nimeivaa kama gauni la kuazima. Kwa hiyo jioni ile mama aliponiuliza, pini zikiwa zimebanwa katikati ya midomo, kama najua kuogelea, nilijibu upesi kabla hajamaliza: "Ndiyo, mama. Tulifundishwa shuleni." Shule yetu haikuwa na hata tangi la kuvunia mvua.

Mama alinitazama kidogo. "Sawa," akasema, akarudi kwenye mshono wake.

Nilikuwa na siku kumi za kuugeuza uongo kuwa kweli. Miwani tuliipata kwa mzee mmoja wa Kihindi aliyeuza vyombo mjini. Ilikuwa imening'inia dukani kwake, katikati ya kamba za katani na taa za chemli, tangu kabla sijazaliwa. Mzee aliipangusa vumbi kwa ncha ya shati lake, akanikabidhi kwa mikono miwili. "Nilijua tu," alimwambia mama. "Nilijua iko siku Tabora itapata bahari."

Basi nikajaza beseni kubwa la kufulia, nikaliweka nyuma ya nyumba, nikaanza kujifundisha. Niliinama, nikatumbukiza uso, nikazuia pumzi na kuhesabu. Siku ya kwanza nilifika kumi na tano. Siku ya tisa nilifika hamsini na mbili, masikio yakivuma na kuku wamejipanga kunishangaa. Matokeo niliyaandika kwenye daftari kwa kalamu nyekundu. Ule mrija wa kupumulia uliokuja pamoja na miwani sikuuelewa. Niliuchomeka mdomoni kwa heshima tu, kwa kuwa uliuzwa nayo, huku tundu la juu nimeliziba kwa kidole gumba maji yasiingie. Hakuna aliyenielekeza, na nakiri kwamba jambo hilo lilinipa kiburi.

Kwenye treni niliendelea na mazoezi. Nilizuia pumzi kutoka nguzo moja ya simu hadi nyingine, na kabla hatujafika Kaliua mzee aliyekaa mbele yetu alimwuliza mama kama mtoto ana kwikwi. Kaliua mama alinunua asali dirishani, zawadi ya shangazi. Mimi sikuonja. Niliogopa ingenipaka koo nikashindwa kufika hamsini na mbili.

Siku ya tatu baada ya kufika, shangazi alitupeleka ufukweni. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti kubwa, aliyelipenda ziwa akiwa nchi kavu, na siku hiyo alipanda botini na chupa ya chai kana kwamba tunakwenda kumtazama mgonjwa. Mwenye boti alikuwa mwanamume wa makamo, mwembamba, kofia yake imefifia kwa jua. Jina lake Gwimo.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba. Wageni wa wapi hawa, Bi Zuhura?"

"Wangu hawa. Wametoka Tabora."

Gwimo alishika kiuno. "Tabora! Wanyamwezi, wapagazi wa misafara! Ndiyo maana boti imeinama. Sasa mizigo yenu ya kichwani iko wapi, au siku hizi mmestaafu?"

Nilimtazama mama nikitegemea atageuka turudi nyumbani. Mama yangu, ambaye hakupata kumjibu vibaya hata mpiga debe wa stendi, alikunja dera lake akapanda botini na kusema, "Tumestaafu. Siku hizi Waha ndio wanatubeba. Washa injini, baba, jua linapanda."

Shangazi alicheka mpaka chai ikatikisika. Gwimo naye alicheka, akavuta kamba ya injini, nasi tukaondoka.

Neno utani nilikuwa nalijua. Nilikuwa nimeliandika daftarini: Wanyamwezi wa Tabora na Waha wa Kigoma ni watani. Nikapata vema. Lakini nilikuwa sijaliona likitembea kwa miguu yake, na pale botini sikulitambua. Nilichoona ni mtu mzima anayetutukana, na mama anayemwachia. Nikaamua kwamba Gwimo ni mtu mbaya, nikamnunia, nikajikunyata pembeni na miwani yangu mapajani.

Alizima injini kwenye kighuba kidogo kilichozungukwa na mawe makubwa. Maji yalikuwa maangavu hivi kwamba kivuli cha boti kilionekana kimelala kwenye mchanga, mbali sana chini. Nilipoona ule umbali, hesabu zangu zote zilinitoka. Beseni letu lilikuwa na kina cha kiganja na nusu.

Gwimo alitugawia majaketi ya kuokolea maisha, akatufunga mikanda yake mwenyewe, akampa mama miwani na mrija wa akiba, na miwani yake akaining'iniza shingoni. Nikavaa miwani yangu. Nikauma mrija, nikavuta pumzi moja kubwa, mashavu yakatuna, na kidole gumba changu kikaenda chenyewe kuziba tundu la juu.

Gwimo alikuwa ananitazama.

"Huyu anajua kuogelea?" akamwuliza mama.

"Anajua. Kafundishwa shuleni," mama akajibu, na alijibu kwa fahari, fahari ile ile aliyokuwa nayo akimkabidhi mteja sare iliyokaa vizuri.

Gwimo aliniangalia machoni kupitia kile kioo cha miwani. Alikuwa amejua. Niliona kila kitu kitakavyokuwa: atasema, mama atanigeukia, na lile "sawa" la kibarazani litafumuliwa mbele ya shangazi na mawe yote yale. Nafasi ya tatu, na sasa mwongo. Afadhali boti ingezama.

"Sikilizeni!" akapaza sauti. "Huku kwetu Mnyamwezi haingii ziwani bila kufungwa kamba. Ndiyo sheria yetu Waha. Mkizama wote, nani atatubebea chumvi?" Akachukua kamba, akaifunga kwenye jaketi langu mgongoni, akaifunga kwenye jaketi la mama, na mwisho wake akajifunga yeye kiunoni. "Mizigo miwili. Mungu anisaidie, huu mkubwa ni mzito."

"Funga vizuri," mama akasema, "usije ukatuacha njiani kama ulivyoacha shule."

"Shule niliiacha kwa sababu mwalimu alikuwa Mnyamwezi."

Mama alitangulia kuteremka ngazi, dera likajaa hewa likamzunguka kama mwavuli. Kisha Gwimo akateremka na kuninyooshea mikono. Niliingia. Maji yalikuwa baridi kuliko nilivyotegemea, yananisukuma kutoka chini kama mtu anayenikataa. Niliweka uso majini, nikazuia pumzi, nikaanza kuhesabu. Nilipofika saba, kidole kilichoziba mrija kiliponyoka, kiwimbi kikaingia, na miwani, ambayo mpira wake ulikuwa umekauka kwa miaka ya dukani, ikajaa maji mpaka puani.

Niliibuka nikikohoa, nikimparura Gwimo mabega, na maneno yakanitoka yenyewe.

"Sijui! Sijui kuogelea! Nilidanganya! Hatukufundishwa!"

Nilisikia maji yakilamba ubavu wa boti.

"Hilo tulilijua tangu nchi kavu," Gwimo akasema. "Mnyamwezi akijua kuogelea hutangazwa redioni."

Na mama, mama yangu, alicheka. Alicheka mpaka akameza maji, akapaliwa, akashika kamba, akacheka tena. "Mimi mwenyewe sijui!" akasema huku ameinua miwani akifuta macho. "Mnanitazama nini? Zuhura, mimi sijui!"

"Wala mimi!" shangazi akajibu kutoka botini, akiwa amekumbatia chupa yake.

Gwimo alinivua miwani yangu, akaikung'uta, akanivalisha ya kwake. Sauti yake ilikuwa imebadilika, imeshuka, ya mimi na yeye tu. "Nani alikwambia uzuie pumzi? Mrija ni wa kupumulia. Huku hakuna anayekuhesabia. Weka uso, pumua kama umelala."

Nilipumua. Mara ya kwanza kwa woga, mara ya pili kwa mshangao, kwa sababu hewa ilikuja. Ilikuja na ya tatu, na ya nne, ikipita mrijani kwa sauti ya mtu anayekoroma. Halafu nikafumbua macho.

Sitaweza kuwaeleza vizuri, ingawa nimejaribu mara nyingi. Mawe yaliyokuwa ya kijivu kwa juu yalikuwa na majani laini yanayopepea, na juu yake samaki wadogo wenye milia, wa njano kama ganda la ndizi mbivu, wengine weusi wenye mstari wa buluu unaowaka, wanadonoa mawe kwa bidii na hawana habari na sisi. Mmoja alikuwa amezungukwa na vitoto vidogo kama punje za ulezi. Kivuli changu kilipompitia, alifungua kinywa, vitoto vyote vikaingia ndani, akafunga. Nilipiga kelele ndani ya mrija. Mkono wa mama ukanigusa. Naye alikuwa amemwona. Tulielea pale, tumeshikana mikono, tunakoroma, mpaka vidole vyetu vikakunjamana.

Tuliporudi ufukweni Gwimo aliitwaa ile miwani yangu ya dukani, akaivaa shingoni. "Hii ya kwangu. Mtani akichukua, haombi." Nilisubiri mama amkatalie. Hakumkatalia. Nilirudi Tabora na samaki wote wale kichwani, na bado nilikuwa nimemkasirikia Gwimo mpaka Kaliua, na nawaambia kweli, kwa miaka kadhaa baadaye.

Nilikuwa na miaka kumi na sita bibi yangu mzaa mama alipofariki. Mama hakula siku mbili. Jeneza lilipokuwa linatolewa, mzee mmoja Muha, jirani wa siku nyingi, alilala chali mlangoni. "Hatoki!" akasema. "Bibi huyu hatoki mpaka nipewe jogoo. Miaka thelathini amenisema vibaya, leo anaondoka kimya kimya tu?" Watu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka huku wanalia. Mama naye akacheka. Mchana ule aliomba uji.

Nilisimama uani na kikombe chake mkononi, na ndipo nikamwelewa Gwimo. Mtani amepewa ruhusa ya kusema lile ambalo watu wengine wangelinyamazia au wangelisema wakakuumiza. Alikuwa ameuona uongo wangu. Angeweza kumwambia mama kwa adabu, kando, kwa sauti ya chini, nami ningebeba ile sauti ya chini mpaka leo. Yeye akautupa hadharani kama mzaha, akawafunga kamba moja wote wasiojua, na miwani iliyoniponza akaondoka nayo yeye. Mama naye, ambaye nina hakika aliyaona maji ya beseni yakitiririka hadi mlango wa jikoni siku tisa mfululizo, aliniacha nifike mwenyewe mahali pa kusema. Nilikuwa nimeishi nikiogopa siku nitakayojulikana. Ilikuja, mchana kweupe, nikavutwa nje ya maji na kufutwa kamasi.

Sijapona kabisa. Kazi yangu ya kuchora matangazo nimejifunza mwenyewe kwenye simu, na bado nafuta zaidi ya ninavyochora. Lakini juzi niliitwa kwenye usaili, na yule mama aliyeniuliza maswali alitaja programu ambayo sijawahi hata kuifungua. Nilihisi pumzi ikijikusanya kifuani, mashavu yakitaka kutuna.

"Hiyo siijui," nikasema. "Nitajifunza."

Akaandika kitu kwenye karatasi yake, akanitazama juu ya miwani.

"Haya," akasema. "Tuendelee."