Viatu vya Mwadhini

Hafsa, ambaye kwao kunatazamana na msikiti pale Makorora, alimjua mwadhini kwa mwendo wake kabla ya sauti. Vifundo vya miguu yake viliangukia ndani, na viatu vyake vililika upande mmoja tu. Lakini tangu apate soli za ndani za kunyanyua nyayo, alizozisubiri miezi minne, alitembea kama mtu aliyetuliwa mzigo. Kila akivua viatu mlangoni, alizipapasa kwanza kwa dole gumba, ndipo aingie.

Ijumaa ile watu walitoka, wakavaa, wakaenda zao. Ikabaki jozi moja mpya inayong'aa, wala si yake. "Vaa tu, shehe," Mudathir, aliyeswali naye, alimtania, "aliyekosea kakufaidisha. Vyako vilishachoka." Mwadhini akatia mkono ndani ya kiatu, akapapasa. Mlikuwa tambarare. "Soli zangu zimo mle kwenye vyangu," alisema taratibu. Akaviacha palepale, akarudi kwake pekupeku, akishika kuta za watu.

Alasiri adhana ikatoka kwa sauti nyingine. Mwadhini alikuwa barazani kwake, kanyoosha miguu, akiiitikia neno kwa neno kama jirani yeyote.