Filamu Mbili za Mia Nne

Filamu mpya ina harufu yake. Ukifungua kile kikopo cheusi cha plastiki, inakupiga puani kama siki iliyochanganyika na raba mpya ya shuleni. Niliijua harufu hiyo nikiwa na miaka kumi na mitatu, likizo ya Agosti huko Mbooni, wakati ukungu ulikuwa hauondoki milimani hadi saa tano asubuhi. Nyanya yangu, tuliyemwita Susu, alikuwa amevunjika nyonga na hakuweza tena kuteremka shambani kwake. Shamba lenyewe lilikuwa mteremko mkali, ambao yeye na wanawake wenzake waliukata matuta ya fanya juu, yale ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua, kwa majembe kabla mimi sijazaliwa. Amu yangu Mutua alitaka kupanda mikaratusi pale. Alimwambia Susu kwamba mvua imeyabomoa matuta yote, akamwonyesha picha, na kweli pichani mlima ulikuwa bapa kama ukuta uliopakwa rangi ya kijani. Susu aliitazama, akamrudishia. Mimi sikukubali. Nilikuwa nimepita katikati ya matuta yale wiki hiyo hiyo nikienda kuteka maji.

Shangazi Syombua, mwalimu wa sayansi, alikuwa na kifaa cha lenzi mbili cha kutazamia picha mbili kwa pamoja, kila jicho na yake. Alinieleza kwamba tunaona kina cha vitu kwa sababu macho yetu hayako mahali pamoja, na kwamba kamera moja haioni kina, lakini kamera mbili zikikaa bega kwa bega zitaona vivyo hivyo. Akaniazima mbili za plastiki, za aina moja, zisizo na chochote cha kurekebisha.

"Kamera hizi hazitakusaidia," aliniambia. "Filamu ndizo zitakazoamua, na ziwe pacha."

Nikashuka mjini Wote peke yangu. Mwenye duka la picha alinipa filamu moja ya namba mia moja na nyingine ya mia mbili, namba ikiwa kubwa filamu hukamata mwanga haraka zaidi, akasema kwa jua la Ukambani hakuna atakayeona tofauti. Nilimwambia kwetu Agosti hakuna jua, kwa hiyo nataka filamu inayokamata mwanga haraka, na kwamba rangi za picha mbili zisipolingana macho yatagombana. Akaleta za slaidi, zile za picha za kumulikwa ukutani. Nilizikataa pia, kwa maana hizo mwanga ukikosewa kidogo tu picha imeharibika. Aliwageukia wateja, akacheka, akawaambia mtoto wa Mbooni amekuja kumfundisha kazi, kisha akaniuliza nataka nini hasa. Masikio yaliniwaka, lakini sikuondoka.

"Nipe mia nne mbili, za boksi moja," nilisema. "Kama huna, nitatafuta kwingine."

Alikuwa nazo.

Nilizifunga kamera kwenye ubao kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, nikasimama ukingo wa pili wa bonde na kubonyeza kwa vidole gumba viwili hadi filamu zikaisha. Picha nyingi ziliharibika kwa sababu kidole kimoja kilichelewa na ubao ukasogea. Jozi moja ilitoka sawasawa. Susu aliitazama kwa kile kifaa cha shangazi, akanyoosha mkono mbele kama anayetaka kugusa. Akaanza kuhesabu matuta, moja baada ya jingine, hadi chini kabisa.

"Yamebomoka mawili tu," alisema. "Mutua, chukua jembe."

Amu aliomba kutazama. Alitazama muda mrefu, akatoka nje, na mikaratusi haikutajwa tena nyumbani kwetu. Msimu huo Susu alikula mahindi ya shamba lake.

Siku hizi simu hupima mwanga yenyewe, hupanga rangi yenyewe, na vijana wa Wote huniuliza kwa nini bado natembea na kamera mbili na filamu zinazoagizwa kutoka mbali. Sizichukii simu, ninayo, na inapiga picha nzuri. Ila hainiulizi chochote. Nikiwa na miaka kumi na mitatu niliulizwa mbele ya watu nataka nini, na nikajibu. Bado najibu mwenyewe.